Klachi Mpya, na Kosa Lililoanzia Kwenye Laptopu

Nimepotea kwa muda, na najua wengine mlidhani nimemezwa na kazi za ofisi. La hasha! Nilikuwa chini ya gari. Leo sitaandika kuhusu seva, nitawasimulia jinsi nilivyochagua na kufunga klachi, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kununua hasara kubwa zaidi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, gia tano za mkono. Kosa lilianzia kwenye laptopu yangu. Kuna programu huria iitwayo RomRaider, ambayo hukuwezesha kufungua ramani za kompyuta ya injini ya Subaru na kuzihariri. Jioni moja nikapandisha presha ya turbo, nikapakia ramani mpya, nikawasha. Gari likawa kama limezaliwa upya. Nilijiona bingwa.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunapanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi, mimi, mama watoto na watoto wawili nyuma. Nikachomoka nyuma ya lori ili nilipite, nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukaruka, lakini mwendo ukabaki pale pale. Mbele yangu basi linateremka! Nikarudi nyuma ya lori huku mikono ikitetemeka, na harufu ya kitu kilichoungua imejaa ndani ya gari. Mama watoto hakusema neno mpaka tukapita Limuru. Wenye ndoa mnaujua ukimya huo.

Ukitaka kupima klachi yako, tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya nne ukiwa kilomita 60 kwa saa, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda ghafla bila mwendo kupanda nayo, klachi inateleza. Yangu iliteleza vizuri sana.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie. Klachi ni diski yenye nyuso mbili, inayobanwa kati ya presha pleti na flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Nguvu ya kuzungusha inayoweza kupitisha ni nyuso 2, mara kiwango cha msuguano, mara nguvu ya kubana, mara umbali wa wastani kutoka katikati ya diski. Tuseme 2 × 0.3 × niutoni 6,000 × mita 0.09. Jibu ni niutoni-mita 324. Injini ikitoa 290, una akiba. Ukipandisha hadi 340 kwa laptopu, akiba imekwisha na diski inaanza kuungua.

Kwa hiyo dawa ni mbili: ubane zaidi, au ubadilishe kitambaa cha diski. Diski kubwa zaidi haina nafasi mle ndani.

Nikaenda Kirinyaga Road, pale wazee bado wanapaita Grogan. Macho yangu yakatua kwenye diski ya vipande vya seramiki na chuma, isiyo na springi katikati. Muuzaji akasema hiyo ni "steji 3", haitateleza milele. Hapa nawaonya: hizo steji hazina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji ana steji zake. Uliza inabeba niutoni-mita ngapi, na kitambaa ni cha aina gani.

Kabla sijatoa pesa nikampigia simu mzee mmoja fundi aliyewahi kunitengenezea gari la kwanza. Hakuuliza habari za nguvu.

"Kijana, hiyo gari inaendeshwa na nani?"

"Mimi, na mama watoto akienda kazini."

"Na umemwuliza mguu wake wa kushoto?"

Sikuwa nimemwuliza. Mzee akanieleza kwamba seramiki hushika ghafla, kama swichi. Kwenye jamu ya Waiyaki Way, ukisogea hatua kwa hatua, gari litakuwa linarukaruka kama punda. Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonikalisha chini. Klachi ni kama fyuzi. Giaboksi za gia tano za WRX za miaka ile zinajulikana kwa kuvunjika meno zikizidishiwa nguvu. Klachi ikikataa kabisa kuteleza, na haina springi za kumeza mshtuko, mshtuko wote unaenda kwenye meno ya gia.

Hapo nikakumbuka siku tuliyoondoa kikomo cha maombi kwenye seva ofisini ili mfumo uwe na kasi. Seva ikapumua, hifadhidata ikaanguka kabla ya chai ya saa nne. Hatukuwa tumeondoa tatizo, tulilisukuma kwa jirani. Na kwenye gari nilikuwa nafanya yale yale: laptopu ilimsukumia klachi, klachi ilikuwa karibu kuisukumia giaboksi, na bei ya giaboksi siitaki hata kwenye ndoto.

Nikachukua diski ya kitambaa cha kawaida yenye springi, na presha pleti inayobana zaidi kiasi. Flaiwili nyepesi nikaiacha, maana gari huzimika ovyo wakati wa kuondoka.

Kufunga kulichukua Jumamosi nzima. Tulipofika mahali pa kutenganisha giaboksi na injini, ikagoma. Kijana wa gereji akachukua mtaimbo. Mzee akamfokea aache! Klachi ya gari hili hufanya kazi kwa kuvutwa, si kusukumwa, kwa hiyo uma wake hubaki umeng'ang'ania beringi. Unafungua kizibo cha pembeni kwa ufunguo wa Allen wa milimita 10, unaingiza bolti ndogo ya milimita 6 kwenye pini ya uma, unaivuta itoke. Giaboksi ikaachia yenyewe.

Tukapeleka flaiwili kusawazishwa, tukabadilisha beringi na sili ya mafuta iliyo nyuma ya injini, maana mafuta yakidondokea diski mpya pesa imekwenda. Diski ikawekwa katikati kwa kifaa chake, bolti zikakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo. Kisha kilomita 800 za mjini bila fujo, ili nyuso zizoeane.

Na jambo la mwisho nililifanya nikiwa nimekaa mezani: nikashusha presha ya turbo mpaka klachi ikapata akiba yake tena.

Mwezi uliopita tulipanda tena kutoka Mai Mahiu, yeye akiendesha. Akalipita lori moja, akarudi upande wake taratibu. "Sasa hii ni gari," akasema.

Ile ramani kali bado iko kwenye laptopu. Sijaifuta, lakini sijaipakia tena. Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye seva. Kwaherini!