Bao la Ngozi

Katika maisha yangu ya ufundi wa ngozi, Mbeya na kisha Iringa, kazi niliyolazimika kuitetea kuliko zote ni bao linalokunjwa. Mikoba na mikanda haina mjadala. Bao lina wenyewe, na wengi wao hushikilia kwamba bao ni mti uliochongwa, basi. Sikubaliani nao, kwa kuwa bao huchezwa pia katika mashimo yaliyochimbwa ardhini, kwa kokoto, na wanaolicheza hivyo hawaambiwi kwamba wanacheza kitu kingine. Bao ni hesabu: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, kila mchezaji akianza na sita kwenye nyumba, shimo kuu la safu yake ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwa nyumba hiyo, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza moja moja mchezo unapoanza. Mti haumo katika hesabu hiyo.

Ubao wa mninga ni mzito, na wenye muda mrefu wa kusubiri huku kwetu ni watu wa safari: madereva wa malori kwenye foleni ya Tunduma, abiria wa TAZARA wenye kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Ndiyo maana nikachagua ngozi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi Njombe, ukiiloweka na kuikandamiza kwenye kalibu hushika umbo na kukauka ikiwa ngumu, hivyo shimo halibonyei vidole vinapochota kete. Mkunjo naupitisha kati ya shimo la nne na la tano. Hapo unapita ubavuni mwa nyumba zote mbili bila kuikata hata moja. Nyumba yenyewe naipa kina zaidi, maana mchezaji mvumilivu huilimbikiza mpaka ikafurika.

Wapo wanaosema bao jepesi huhama mchezo ukipamba moto. Ni kweli. Upande wa chini nauacha bila kuulainisha ili ushike meza, lakini kwa mashindano ya siku nzima mti bado ni bora. Nisilolikubali kabisa ni ombi la kupunguza mashimo ili bao lienee mfukoni, eti wanaoanza hawahitaji yote. Hata bao la kujifunza, linaloanza na kete mbili kila shimo, linayataka yote 32. Ukiyapunguza, kichwa na kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, vinaisogelea nyumba, na kete ulizohesabu zifike mbali zinaishia kwingine. Anayetaka bao dogo namfinyia upana wa shimo, na kete namtafutia ndogo.