Maji ilifika wapi ukutani?

Wengi wetu tumetoka Goma. Kule hatari tulikuwa tunaiona kwa macho, Nyiragongo ikiwaka usiku. Mwaka 2002 moto wake ulikata mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, tukakimbia na magodoro kichwani.

Hapa Kisugu hakuna volkano, kuna mvua. Maji ya katikati ya mji yanashuka na mtaro wa Nakivubo, yanapita Namuwongo kwenda Ziwa Victoria. Mtaro ukijaa kavera na chupa, maji inarudi kwetu huku bondeni.

Jumamosi tulishuka na daftari, nyumba kwa nyumba, na maswali matatu. Maji ilifika wapi ukutani? Nani analala chini? Ikija usiku, mtaenda wapi? Mama mmoja akatuonyesha alama, juu kidogo ya kitanda chake.

"Wanangu, mie najua," akasema. "Lakini chumba cha kule juu nitalipa na nini?"

Tukanyamaza. Tulidhani tunaenda kufundisha watu hatari. Kumbe wanaijua kutushinda, na swali la tatu karibu kila mlango halikuwa na jibu.

Basi tumeanza hivi: kila nyumba ya bondeni ipate nyumba moja ya juu itakayoipokea usiku. Karatasi zetu za ukimbizi tuzifunge kwenye kavera, tuzitundike juu. Mvua za Septemba haziko mbali. Wewe unayekaa kule juu, tukigonga utafungua?