Ngome ya Tenby Ilivyotupatanisha Mawifi



Sisi ni mawifi wawili. Mmoja anashona nguo za maharusi Unguja, mwengine ameolewa na kaka wa huyo fundi na anaishi Cardiff, Wales. Tulikosana siku ya harusi kwa ajili ya gauni. Fundi aliambiwa biharusi kalisema gauni lake ni baya. Biharusi akaambiwa fundi kalibana makusudi. Hatukuulizana. Miaka minne ikapita kwa salamu za Idi tu.

Mwaka huu fundi alikwenda Cardiff kumwona mtoto. Siku moja tukapanda treni hadi Tenby, mji wa pwani. Kwa lugha yao ya Kiwelisi unaitwa Dinbych-y-pysgod, yaani ngome ndogo ya samaki.

Mbele ya mji kuna mwamba mkubwa uliozungukwa na bahari, kisiwa cha St Catherine's, na juu yake ngome. Maji yakipwa unavuka kwa miguu juu ya mchanga. Yakijaa, njia hakuna. Tulicheka, maana sisi watoto wa visiwani tunayajua mambo ya kupwa na kujaa.

Tukapanda ngazi, baibui mkononi. Ngome ilijengwa kati ya 1867 na 1870, Waingereza wakiwaogopa Wafaransa. Kuta ni za mawe, nene, na zina matundu ya mizinga yanayotazama baharini. Mfaransa hakuja. Mwaka 1907 ikauzwa ikawa nyumba ya kuishi, na baadaye, miaka ya 1970, ilikuwa bustani ya wanyama.

"Mawe yote haya kwa adui ambaye hakuja!" mmoja wetu akasema.

Tukanyamaza. Kisha swali likatoka.

"Wifi, lile gauni ulilibana kusudi?"

"Wallahi sikulibana. Vipimo nililetewa kwa simu, wala si na wewe."

"Na mie sikusema baya. Nilisema linanibana, nashindwa kukaa."

Tukatazamana, tukacheka mpaka machozi. Miaka minne kila mmoja alijenga ukuta wake, na adui hakuwepo.

Maji yalipoanza kurudi, tuliambiwa tushuke. Ufukweni tukatia udhu kwa maji ya bahari, ambayo Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ni tohara. Yalikuwa baridi kama barafu! Tukasali bega kwa bega juu ya kanga moja. Tulipotoa salamu na kugeuka, njia tuliyopita ilikuwa imeshafunikwa.

Ukijaaliwa kwenda, angalia kwanza saa za maji na kama pamefunguliwa, na vaa viatu visivyo na kisigino.

Nawe biharusi, ukiletewa neno la wifi yako, muulize mwenyewe, tena mapema, maji yakiwa bado yamepwa. Allah azilainishe nyoyo zetu na atuunganishe na jamaa zetu. Amin.