Tafakari ya Juma: Kuchagua Intaneti ya Nyumba Mpya



Anayehamia nyumba mpya huuliza kwanza maji yanatoka siku gani, umeme unakatika mara ngapi, na duka liko wapi. Siku hizi limeongezeka swali la nne: intaneti tutaipata kwa nani? Laonekana swali dogo, lakini mwenye kulijibu huenda akafunga mkataba wa mwaka mzima, tena kwa fedha isiyo yake peke yake.

Hivi karibuni tulihamia pembezoni mwa Dar es Salaam, kule lami inakoishia. Tuko wanne. Vijana wawili wanasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na sehemu kubwa ya masomo yao hupitia mtandaoni. Yupo pia mzee wetu, ambaye kila Jumapili jioni huzungumza na binti yake aliyeko Muscat. Kwa mzee huyo intaneti si anasa. Ndiyo njia pekee ya kuuona uso wa mwanawe.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni ruta ya laini ya simu: waiwasha leo, yafanya kazi leo. Ya pili ni antena ya juu ya paa, ambayo wakala wake alikuja na karatasi ya miezi 12 mkononi. Ya tatu ni waya wa faiba, ambao umefika kwenye nguzo za barabara kuu, lakini hauvuki kuja mtaani kwetu mpaka zipatikane nyumba za kutosha zilizo tayari kujiunga.

Wakala wa antena alisema vizuri sana. Hata hivyo, ndugu msomaji, katika matangazo ya namna hii yako maneno ya kupimwa. Neno “hadi” ni mojawapo. “Kasi ya hadi megabiti 20” ni ahadi ya kiwango cha juu, wala si ya kiwango cha kila siku. Tena megabiti si megabaiti: baiti moja ina biti 8, hivyo megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 tu. Neno “bila kikomo” nalo huweza kuwa na kikomo chake kwa maandishi madogo, kwamba ukivuka kiasi fulani kasi itapunguzwa. Tena, wengi huuliza kasi ya kupakua wakasahau ya kupakia, ilhali anayepiga simu ya picha hupeleka sura yake kama anavyopokea ya mwenzake.

Niliuliza pia: mkongo wa baharini ukikatika, mna njia nyingine? Si swali la kinadharia. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na mawasiliano yakazorota Tanzania na nchi jirani. Wakala hakuwa na jibu. Nikauliza tukivunja mkataba itakuwaje. Akajibu kwamba tutalipa miezi yote iliyobaki.

Vijana walitaka tutie sahihi siku ile ile, nami niliwaelewa, kwa kuwa mitihani haingoji. Mzee ndiye aliyesema: “Kiatu hupimwa kwa mguu wa mvaaji.” Basi tukanunua kifurushi cha mwezi mmoja cha laini, tukaijaribu saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu anautumia mnara ule ule. Chumbani kwa mzee, picha iliganda. Ruta ilipohamishiwa dirisha linaloelekea mnara, binti yake alionekana vema.

Kisha tukapita nyumba kwa nyumba kuulizia faiba. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna wakala angenieleza. Jirani mmoja, mama anayeuza maandazi, ana watoto watatu wanaosoma, na kwa miaka miwili amekuwa akiutaka waya huo. Nyumba yake peke yake haikutosha. Kama tungejifunga kwa antena mwaka mzima, tungejitosheleza wenyewe na kumpunguzia yeye nyumba moja katika hesabu yake.

Tumejiandikisha pamoja naye, na wengine wanaendelea kujitokeza. Waya haujafika bado. Vijana huenda maktaba kwa daladala wanapokuwa na faili kubwa, na wananung’unika, nao wana haki. Kungoja kwetu kuna gharama, na gharama hiyo inawaangukia wao kuliko mimi.

Hata hivyo, nawasihi mnaohama: kabla ya kutia sahihi, ijaribuni huduma usiku, chumbani kwa yule anayeihitaji zaidi, someni maandishi madogo, na mbisheni hodi kwa jirani. Huenda yeye anangojea nyumba moja tu.

Nawatakia juma jema.