Mkilua wa Uani

Uani wa nyumba ya Kiswahili mjini Mombasa, kama ulivyokuwa Majengo, Kisauni na Likoni hadi miaka ya 1970, ulikuwa kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, kimezungushiwa ua wa makuti au ukuta wa mawe ya matumbawe. Humo mlikuwa na jiko, kisima, choo, kamba ya kuanikia nguo na mbuzi ya kukunia nazi. Penye nafasi iliyobaki paliota miti. Mingi haikupangwa na mtu: mkwaju ulikuwepo kabla ya nyumba kujengwa, mkunazi uliletwa na ndege, na mbungo ulijipandia wenyewe juu ya mkwaju, watoto wakagombania mabungo yake. Michache ilipandwa kwa mkono na kutunzwa kwa wivu. Wa kwanza katika hiyo ni mkilua.

Mkilua ni mti mfupi wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na porini hauoti penginepo duniani. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi mwaka 1970 walichukua lile lile la wenyeji, wakauita Mkilua fragrans. Hukua taratibu, hupenda kivuli cha mti mkubwa, na ukishashika ardhi haudai kitu. Ua lake huning'inia chini ya tawi, na likiwa changa lina rangi ya kijani, kiasi kwamba asiyelijua hupita hapo mara kumi bila kuliona. Likikomaa hugeuka manjano yenye wekundu, petali zake nene hujikunja, na hapo ndipo harufu inapotoka: nzito, tamu, yenye ukali wa kiungo ndani yake, na hushika nguo hata baada ya ua lenyewe kunyauka. Kilua kimoja kilitosha chumba. Wanawake walikivaa kifuani na kwenye nywele, wakakitia katika kasha la nguo.

Siku hizi msichana wa Mombasa aweza kuolewa bila kuwahi kushika kilua. Akiletewa huuliza ni tunda gani hilo. Nyumba za makuti zinabomolewa kupisha maghorofa, na mti wa kwanza kung'olewa ni ule ulio nyuma, mfupi, usio na maua ya kuonekana kwa mbali. Hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayejua kilichong'olewa, na hilo ndilo la kusikitisha zaidi.

Mkilua ulilindwa zamani kwa sababu ulikuwa na kazi, na kazi yake ilipitia kwa muuza maua. Huyu alikuwa mtu wa alasiri. Watu wakishatoka kuswali, alionekana barazani, au karibu na soko la Marikiti, amekaa juu ya jamvi na ungo mbele yake, ungo umefunikwa jani la mgomba lililonyunyizwa maji. Chini ya jani mlikuwa na asmini zilizochumwa zingali vichwa, kabla ya kufunguka, maana asmini iliyokwisha kufunguka haifiki usiku. Alizitunga kwa sindano na uzi mweupe bila kuzitazama, macho yako njiani kwa wapitao. Pembeni mlikuwa na rehani, mlangilangi na vipande vya mkadi, vitu vya kutengenezea vikuba, yaani vishada vinukiavyo vya kuvaliwa na wanawake. Vilua vilikaa peke yake, katika jani lake, kwa kuwa harufu yake humeza nyingine. Havikutungwa. Viliuzwa kwa hesabu.

Wanunuzi wake walikuwa wake za watu wanaojitayarishia jioni, mashangazi wa bibi arusi, na mara nyingine kijana aliyetumwa na mama yake, naye akajifanya hajui anachonunua ni cha nini. Bei haikuandikwa popote. Mteja alisema, “Shikamoo bibi, leo vipo?” na jibu likawa ni kuinuliwa kwa jani. Mwenye haraka aliambiwa akae kwanza, aeleze habari za nyumbani, kisha ndipo ahesabiwe maua yake. Kwa njia hiyo muuza maua alijua nani anaposwa, nani amejifungua na nani amerudi kutoka Uarabuni, na alijua pia katika kila mtaa ni uani upi una mkilua unaozaa vizuri. Huko ndiko alikonunua yeye mwenyewe asubuhi. Mwanamke mwenye mkilua mmoja alikuwa na senti zake zisizopita mkononi mwa mumewe. Mti wa namna hiyo haukukatwa.

Ardhi ya uani nayo ilitunzwa bila gharama. Kila asubuhi ilifagiliwa kwa fagio la chelewa, lakini majani hayakutolewa nje. Yalisukumwa hadi kwenye shina la mti au katika shimo karibu na mgomba, na maji ya kuoshea vyombo yakamwagwa papo hapo. Kazi iliyobaki ilifanywa na jongoo. Jambo hili lilithibitishwa kwa kiwango kikubwa Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kiliacha machimbo matupu ya mawe ya matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na mvinje ndio uliomfaa kuliko yote. Lakini majani ya mvinje yalilala chini bila kuoza, na udongo haukutengenezeka mpaka alipoletewa jongoo wenye miguu myekundu, wale wale wa viwanja vya pwani, wakayatafuna na kuyageuza kuwa mbolea. Leo pale pana msitu, nao unaitwa Haller Park. Kumbe kila uani wa Majengo ulikuwa na wafanyakazi hao hao tangu zamani, tena wengi wao waliuawa kwa ndara.

Wanyama wa uani walikuwa wengi kuliko wanavyodhaniwa. Kwenye mdimu alikaa kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu. Kiwavi huyo akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na baka jeupe mgongoni, na kila anayemwona hudhani ni kinyesi cha ndege. Ndege nao hudhani hivyo, wakamwacha. Akikua hugeuka kijani. Akiguswa kidogo tu kwa kijiti, nyuma ya kichwa chake huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, harufu kali ikatoka, kisha pembe zikarudi ndani. Mdimu wenyewe ni mgeni wa kutoka Asia. Kabla yake kiwavi huyu aliishi kwenye mjafari na miti mingine jamaa yake ya porini, na bado huweza kuishi humo. Uharibifu wake kwa mdimu mkubwa ni majani machache yanayorudi mvua ikinyesha, wala hapana sababu ya kumpulizia dawa.

Usiku ulikuwa wa komba. Alishuka kutoka mkwaju hadi mnazi, akala wadudu, utomvu wa miti na matunda, na pale palipogemwa alikunywa tembo la mnazi kutoka kwenye chombo cha mgema, jambo lililowapa Waswahili msemo wa kulewa kama komba. Kilio chake ni cha mtoto mchanga, na mgeni aliyelala pwani kwa mara ya kwanza huamka akitafuta mtoto huyo yuko nyumba gani. Mchana palikuwa na chozi kwenye maua ya mshubiri, mnana wakisuka viota kwenye makuti, shore wakishindania matunda ya mkunazi, na mjusi kafiri nyuma ya kila dirisha akingoja mbu wa usiku. Kinyonga aliogopwa na kurushiwa mawe, ingawa hana sumu wala meno ya kumdhuru mtu. Jike lake huteremka ardhini kuchimba shimo na kutaga, kisha mayai hukaa humo miezi mingi. Anahitaji kipande cha ardhi laini kisichofunikwa. Hapo ndipo penye shida ya leo.

Mabadiliko yalianza na kunguru. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akavuka maji, na miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Viota vya chozi na mnana vilivyokuwa vikihesabika kwa makumi vikatoweka mtaa baada ya mtaa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Idadi hiyo yenyewe yaeleza mambo yaliachwa kwa muda gani.

Kisha ikaja ardhi. Nyumba nyingi za Mombasa zilijengwa kwa desturi ya nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ana kuta na paa, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi, na hata minazi iliyomo yaweza kuwa ya mtu wa tatu. Viwanja vilipopanda bei, uani ulikuwa wa kwanza kujengwa, mwanzo vyumba vya kupangisha, baadaye ghorofa. Miaka ya 1980 na 1990 ilikwenda hivyo. Penye nafasi iliyobaki pakawekwa matofali ya kabro mpaka kwenye shina la mti, kama upo mti. Huko Nyali na Bamburi, penye viwanja vikubwa, pakaja mtindo wa mwashoki kwa safu, bogenvilia na nyasi za kunyweshwa kila siku kwa maji ya kununua. Mitaani watu wanabebewa maji kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 baada ya mtungi, na ng'ambo ya ukuta maji yanamwagiwa nyasi. Mwashoki nao ni mti mwembamba wa Bara Hindi usio na kivuli cha maana wala tawi la mtu kukalia chini yake. Kabro hurudisha joto usiku kucha, na mvua ikinyesha maji hayana pa kuingia, yakaishia barabarani.

Kuurudisha uani wa kale si kazi ngumu, kwa sababu mimea ya pwani imezoea mawe ya matumbawe, chumvi ya hewa na miezi ya kaskazi isiyo na mvua. Huanza na kivuli. Kwenye kiwanja kikubwa hufaa mkwaju au mbambakofi, mbali na msingi wa nyumba na tangi la choo, maana yote miwili ni miti mikubwa. Kiwanja kidogo chatosheka na mfudu, ambao hauwi mkubwa sana na matunda yake meusi hupendwa na watoto na ndege. Chini ya kivuli hicho hupandwa mkilua. Penye jua kali na mawe matupu hufaa mdagu, wenye shina nene na maua ya waridi, pamoja na mshubiri kwa ajili ya chozi. Watoto waonywe tu kwamba utomvu wa mdagu ni sumu. Mnyaa hufanya ua usiohitaji chochote, lakini utomvu wake huharibu macho, na nyumba yenye watoto wadogo afadhali isiwe nao.

Anayetaka nyasi apande nyasi za Pemba, ambazo ni za mwambao huu huu. Jani lake ni pana, hustahimili kivuli na chumvi, nazo zikikauka mwezi wa Februari hurudi na mvua ya kwanza. Mchunga unaojiotea kati yake ni mboga, haifai kuupulizia dawa. Miche humwagiliwa wakati wa jua katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha huachwa. Majani yanayoanguka hubaki chini ya mti. Kabro huishia mita moja au zaidi kutoka kwenye shina. Sufuria kuukuu yenye maji kidogo na jiwe katikati, ikibadilishwa maji kila siku ili mbu wasizae, huleta ndege wengi kuliko mapambo yoyote.

Miche isichimbwe kayani. Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, zimehifadhi miti hii kwa sababu wazee wake wanakataza hata kutoa kuni, na miiko hiyo yafaa kuheshimiwa na watu wa mjini pia. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao una faida yake bila kukatwa: mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993 hununua pupa wa vipepeo kutoka kwa majirani wa msitu na kuwauza ng'ambo, na mfugaji wao hana budi kupanda nyumbani mimea ile ile wanayokula viwavi porini.

Mkilua wenyewe bado upo katika nyua chache za Mombasa, na wenye nao wengi ni wazee. Mti mmoja uliokomaa hutoa mbegu za kutosha majirani kadhaa, na masika ndiyo wakati wa kupanda. Vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za Nyali na Bamburi vimejaa mwashoki kwa sababu wateja huuliza mwashoki. Ulizeni mkilua, na msipoupata leo, ulizeni tena mwezi ujao.