Kigoda cha Ulm

Tulipofika Ulm, katika nchi ya Ujerumani, tulipanda kilima cha Kuhberg. Hapo, tangu mwaka 1955 hata 1968, vijana walisomea ubunifu wa vyombo vya viwandani. Mwanzilishi mmojawapo, Inge Scholl, alitaka chuo hicho kiwe ukumbusho wa wadogo zake, Hans na Sophie, waliouawa mwaka 1943 kwa kueneza karatasi za kumpinga Hitler.

Fedha zilikuwa haba. Basi mwaka 1954 walimu Max Bill na Hans Gugelot walibuni kigoda: mbao tatu na kijiti cha mviringo. Mwanafunzi alikikalia darasani, akakifanya meza, akakishika kijiti na kubebea vitabu vyake. Tulipokikalia tulielewa: mbunifu hutazama kwanza haja ya mtu, ndipo ashike kalamu.