Ndama wa Miezi Saba

Mwaka 1993 ng'ombe wetu alitupa mimba ya miezi saba. Tulimfuga bandani, nyuma ya migomba, upande wa kusini wa Mlima Meru. Mama alimvuta ndama aliyekufa kwa mikono mitupu, na kondo la nyuma akalitupa bondeni, mbwa wakalimaliza. Kisha akamlaumu dume wa jirani, ambaye tulimtumia kupandisha kwa malipo ya debe la mahindi. Tangu siku hiyo hatukusalimiana na nyumba ile.

Bwana mifugo alikuja, akachukua damu. "Mama, usimsingizie dume mapema," alisema. Majibu yalipotoka, ulikuwa bruselosisi, yaani ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hujaa katika kondo, maji ya uzazi na maziwa. Ng'ombe mwingine akilamba uchafu huo, au akila majani yaliyochafuka, huambukizwa. Dume aweza kuueneza, lakini hiyo si njia kuu. Kondo, alisema, lilipaswa kufukiwa shimoni. Hata hivyo kwa jirani hatukwenda kuomba radhi. Baadaye tulihamia mbegu za kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, kana kwamba dume alikwisha kutiwa hatiani.

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 1977, huko Newmarket, Uingereza, uliibuka ugonjwa wa mfuko wa uzazi wa farasi, unaoenezwa kwa kupandana. Upandishaji ulisimamishwa katika mashamba kadhaa, na nchi nyingine zikazuia farasi kutoka huko kuingia kwao. Farasi wa mbio ana mali nyuma yake, basi husafiri na cheti. Wetu alisafiri na kamba shingoni.

Maana tulimwuza. Bwana mifugo alikuwa ameshauri achinjwe, lakini bei ya nyama isingetosha ada yangu ya kidato cha tano. Baba akampata mama mmoja wa Oldonyo Sambu aliyetaka ng'ombe wa maziwa. Alipouliza sababu ya kuuza, Baba alisema, "Mtoto anaenda shule." Hakusema uongo. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kamba.

Mwaka uliofuata Mama alishikwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno. Alimeza dawa za malaria kwa miezi, hadi daktari mmoja alipomwuliza kama anafuga. Alitibiwa kwa dawa za aina mbili, wiki sita. Tangu hapo maziwa ya nyumbani yalichemshwa kwanza, hata yale ya kugandisha kwa ajili ya loshoro.

Siku moja nilimwona mnunuzi wetu sokoni Tengeru. Aliniamkua kwa furaha, akanishika mkono, akauliza habari za masomo. Viganja vyake vilikuwa vikavu, vya mtu anayekamua mwenyewe. Nilimwambia masomo ni mazuri. Yeye akasema ng'ombe ana mimba tena, na kwamba safari hii anatarajia mtamba.

"Haya, mama," nikamwambia, "Mungu akusaidie." Nikapanda gari la Arusha.